Mzee wa kanisa anasema dhambi za niliyemchagua ni zangu. Mkristo apige kura au aache?

#1 Mparachichi

Wakuu, shalom.

Alhamisi iliyopita kwenye jumuiya yetu huku Rungwe, mzee wa kanisa alifundisha 1 Timotheo 5:22: "Usimwekee mtu mikono kwa haraka, wala usizishiriki dhambi za watu wengine." Akasema kupiga kura ni kumwekea mtu mikono. Ukimpa mtu kura yako, naye akaenda akala fedha za zahanati, umekula naye sahani moja.

Mke wangu amelipokea neno hilo lote. Kadi yake ya mpiga kura ameifungia kwenye sanduku la vitenge na anasema hataigusa tena. Mimi nimejiandikisha, nimehakiki jina langu, nilikuwa sina shida. Sasa ninayo. Huyu mzee si mtu wa maneno mengi, ndiye aliyesimamia ndoa yetu, siwezi kumpuuza.

Naomba msitaje vyama. Ninachotaka ni jibu la swali moja tu: dhambi ya mtu niliyemchagua inanifikia au hainifikii?

#2 Kayamba

Piga kura kaka. Mathayo 22:21, ya Kaisari apewe Kaisari. Uzi ufungwe.

#3 Fundi Saa

Usifungwe kwanza. Mbona jibu liko wazi kwenye Matendo 1:26? Mitume walipotafuta mtu wa kushika nafasi ya Yuda walipiga kura, ikamwangukia Mathiya. Wagombea walikuwa wawili, yeye na Yusufu aitwaye Barsaba. Kama mitume walipiga kura, huyo mzee wa Rungwe anaikataza kwa andiko gani?

#4 Msomaji Mkaidi

Fundi Saa, Kiswahili kimekuchezea. Neno kura tunalitumia kwa vitu viwili. Kura ya Matendo 1 ni ile ya kubahatisha, kama watoto wanapochagua nani aanze mchezo. Mitume hawakuhesabu nani anamtaka nani. Waliomba, wakamwachia Bwana aamue. Ni kura ileile waliyopiga mabaharia hadi ikamwangukia Yona, na ileile waliyopiga askari pale msalabani kugawana mavazi. Ukiitumia kuhalalisha uchaguzi, wale askari nao utawaita wapiga kura.

Mahali penye watu kuchagua ni Matendo 6. Mitume waliwaambia wanafunzi watafute wenyewe watu saba walioshuhudiwa kuwa wema, halafu mitume wakawawekea mikono. Mparachichi, angalia huo mpangilio: mkutano ulichagua, waliowekea mikono ni mitume. Mzee wako ameviunganisha vitu viwili ambavyo Biblia hapo imevitenga.

Ila nisikudanganye kwamba hilo linamaliza. Umati pia uliwahi kuulizwa unamtaka nani, ukamtaka Baraba badala ya Yesu.

#5 Fundi Saa

Umenishika, nakubali kuhusu Mathiya. Lakini usiidharau kura ya kubahatisha. Mithali 16:33 inasema hukumu zake zote ni za BWANA. Kama Mungu anaweza kuongoza kijiwe kilichotupwa kwenye mikunjo ya nguo, karatasi ya kura itamshinda?

Na Baraba usimlete. Umati ule ulishawishiwa na wakuu wa makuhani, imeandikwa. Kama kuna funzo, ni kwa viongozi wa dini wanaowapangia waumini mtu wa kumtaka.

#6 Katekista

Tumsifu Yesu Kristo.

Mparachichi, neno zito katika mstari huo ni "kwa haraka". Paulo hamwambii Timotheo asimwekee mtu mikono kabisa, anamwambia achunguze kwanza. Aliyepewa kitenge asubuhi na jioni akachagua, huyo kaweka mikono kwa haraka. Aliyefuatilia, akauliza, akasali, kisha akachagua mtu aliyegeuka mwizi baadaye, hana dhambi ya wizi.

Kwetu Wakatoliki jambo hili halina mjadala. Katekisimu namba 2240 inaweka kulipa kodi, kupiga kura na kuilinda nchi katika fungu moja la wajibu. Ndivyo Kanisa lilivyofundisha siku zote. Padri ndiye mwenye mipaka: sheria ya Kanisa, kanuni ya 285, haimruhusu kushika ofisi ya utawala wa kiraia.

#7 Mpiga Mbizi

Katekista, nakubaliana nawe isipokuwa hapo kwenye "siku zote". Mwaka 1868 Roma ilitoa agizo lililojulikana kama non expedit, yaani haifai, Wakatoliki wa Italia wasishiriki uchaguzi wa bunge. Ulikuwa wakati wa mgogoro wa Papa na dola mpya ya Italia, na mwaka 1870 dola hiyo ikauteka mji wa Roma wenyewe. Agizo lililegezwa mwaka 1905 na kufutwa kabisa 1919. Ni zaidi ya miaka hamsini, Mkatoliki mwema wa Italia alikuwa yule anayebaki nyumbani siku ya kura.

Nalileta kwa sababu linamgusa mleta mada. Kanisa lilelile liliona kutopiga kura ni utii, baadaye likaona kupiga kura ni wajibu. Maandiko hayakubadilika. Hali ndiyo iliyobadilika.

#8 Katekista

Asante kwa sahihisho. Niongeze tu kwamba agizo lile lilihusu bunge la taifa. Kwenye halmashauri za miji yao waliruhusiwa kupiga kura.

#9 Kimya Kingi

Habari zenu. Mimi ni Shahidi wa Yehova, na sisi hatupigi kura. Nitasema kwa nini, sitamhubiria mtu.

Yesu alisema wafuasi wake si wa ulimwengu, Yohana 17:16, na ufalme wake si wa ulimwengu huu, 18:36. Balozi wa nchi moja hapigi kura katika nchi aliyotumwa. Anatii sheria zake, anaheshimu viongozi wake, lakini hachagui upande. Tunalipa kodi, na hatumzuii mtu kwenda kituoni.

Wengi hudhani ni uvivu au woga. Mama yangu mkubwa aliolewa Malawi. Dini yetu ilipigwa marufuku kule mwaka 1967, na kosa kubwa la ndugu zetu lilikuwa kukataa kununua kadi ya chama tawala cha Rais Banda. Kadi tu. Mwaka 1972 maelfu walikimbilia Zambia, kambi ya Sinda Misale, wakarudishwa, wengine wakaingia Msumbiji. Mama mkubwa alitembea na mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Nyumba yao ilichomwa na majirani waliokuwa wakiazimana nao chumvi. Marufuku ile iliondolewa mwaka 1993. Aliyekaa nje ya siasa kwa bei hiyo msimwite mwoga.

#10 Kayamba

Pole sana kwa mama mkubwa. Lakini barabara na hospitali mnatumia, dada, sivyo? Wengine tumepanga foleni juani kumpata anayezijenga.

#11 Kimya Kingi

Ni kaka. Na kodi ninayolipa ndiyo inayozijenga, kama yako. Mwaka jana tulikosa maji kijijini wiki tatu, wewe mpiga kura ulipata?

#12 Kayamba

Samahani kaka. Maji sikupata.

#13 Chepkoilel

Naandika kutoka Uasin Gishu, Kenya. Mimi nilikuwa kidato cha pili tulipopiga kura, Desemba 27, 2007. Nasema tulipiga ingawa sikuwa na umri, kwa sababu nyumba nzima ilikuwa ndani ya ile kura.

Katika kanisa letu mchungaji aliombea mgombea mmoja kwa jina, madhabahuni, Jumapili tatu mfululizo. Nusu ya washirika ilikuwa ya kabila la upande mwingine. Walikaa kimya, wakaimba nasi, wakatoa sadaka. Jumapili ya nne hawakuja. Januari 1, 2008, kule Kiambaa, si mbali na mjini Eldoret, kanisa lilichomwa likiwa na akina mama na watoto waliokimbilia humo wakiamini kanisani hawataguswa. Nchi nzima walikufa zaidi ya watu 1,100. Moshi wa Kiambaa sikuuona, lakini msichana niliyeketi naye kwaya sijamwona tena hadi leo, na sijui alienda wapi.

Februari ile ile Baraza la Makanisa, NCCK, lilikiri hadharani kwamba viongozi wake walikuwa wameegemea pande. Ni nadra kusikia viongozi wa dini wakikiri hivyo, na mimi nawaheshimu kwa hilo.

Kwa hiyo Mparachichi, swali lako mimi naligeuza. Sijui kama dhambi ya niliyemchagua inanifikia. Ninachojua ni kwamba dhambi niliyotenda mimi mwenyewe nikimpigania mtu, kwa ulimi wangu, dhidi ya jirani yangu, hiyo ni yangu na hakuna wa kunisaidia kuibeba. Mimi hupiga kura. Ila mtu akianza kuitaja kanisani, natoka nje.

#14 Fundi Saa

Chepkoilel, pole. Lakini si ninyi makanisa ya Kenya mwaka 2010 mliosimama wote kusema Hapana kwa Katiba? Hapo hamkutoka nje.

#15 Chepkoilel

Si wote. NCCK na maaskofu Wakatoliki walipinga, hasa kwa ajili ya mahakama za Kadhi na kifungu cha uavyaji mimba. Ndiyo ilishinda kwa karibu asilimia 67. Kenya ina Wakristo wengi, hesabu mwenyewe: asilimia hiyo haipatikani bila mamilioni ya Wakristo kwenda kinyume na maaskofu wao. Mama yangu alikuwa mmoja wao, na Jumapili iliyofuata alishiriki meza ya Bwana.

Tena makanisa yetu yamewahi kuitetea kura kuliko wanasiasa. Wakati wa mlolongo, kwenye kura za mchujo za chama tawala mwaka 1988, watu walipangwa foleni nyuma ya mgombea au picha yake hadharani. Makanisa yalianza kupinga tangu 1986. Hoja mojawapo ilikuwa ya kichungaji: mchungaji akionekana na kondoo wake amesimama kwenye foleni ya fulani, kesho atamzikaje aliyesimama foleni nyingine?

#16 Msomaji Mkaidi

Hiyo hoja ya foleni imenigusa. Kumbe siri ya kura inamlinda hata mchungaji.

#17 Karani wa Kituo

Habari wakuu. Nimekuwa karani mwongozaji wapiga kura mara mbili, kwa hiyo naongea nilichokiona na si maandiko, hayo nawaachia ninyi.

Anayesema asiyepiga kura yuko nje ya uchaguzi hajawahi kushinda kituoni kutwa nzima. Niliwahi kuwa na kituo ambacho udiwani uliamuliwa kwa kura chache kuliko idadi ya watu wa usharika mmoja tu wa jirani, usharika ambao ulikuwa na mkesha na waumini wakaambiwa wapumzike nyumbani. Diwani aliyeingia ndiye aliyewasumbua baadaye kwenye kiwanja cha kanisa. Sisemi Mungu aliwaadhibu. Nasema hawakuwepo.

La pili, vile vichinjio, yaani kadi za mpiga kura, vinavyofungiwa sandukuni vinajulikana. Mtaani kuna watu wanapita kuuliza nani hatumii kadi yake, wanatoa hela kidogo na kilo mbili za sukari. Mparachichi, mwambie shemeji asimpe mtu kadi ile hata kwa kuazima.

#18 Kayamba

Sukari ni takrima ya kisasa.

#19 Mpiga Mbizi

Takrima, ule ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, ilikuwa halali kabisa hapa Tanzania. Iliingizwa kwenye sheria ya uchaguzi mwaka 2000, Mahakama Kuu ikaibatilisha 2006. Miaka sita mtu aligawa pilau akiwa ndani ya sheria. Hapo ndipo naona hoja ya "kwa haraka" ya Katekista ina nguvu, maana sheria ilikuruhusu kula na dhamiri ndiyo iliyotakiwa kukataa.

#20 Sabato Njema

Kwetu Waadventista kupiga kura si dhambi, shida ni siku. Nigeria wanapiga Jumamosi, mwaka 2023 ilikuwa Februari 25, Jumamosi. Ndugu zetu wa kule wanachagua kati ya Sabato na sanduku. Kenya katiba yao imeshataja Jumanne. Sisi huku Tanzania miaka yote ni Jumapili, angalau Msabato yuko huru.

#21 Fundi Saa

Miaka yote? 2020 ilikuwa Jumatano, Oktoba 28.

#22 Mpiga Mbizi

Na 2005 pia, Desemba 14, Jumatano. Ilikuwa iwe Jumapili ya Oktoba 30, ikaahirishwa baada ya mgombea mwenza wa CHADEMA kufariki. Zanzibar wao walichagua rais wao na wawakilishi siku ileile ya Oktoba.

#23 Sabato Njema

Asanteni, nimesahihishika. 1995, 2000, 2010 na 2015 ndizo zilikuwa Jumapili. Nakumbuka 2015 rafiki yangu Mlutheri alisali ibada ya alfajiri akaenda kituoni na Biblia na kitabu cha nyimbo kwapani.

Kuhusu mada: Ellen White, mmoja wa waanzilishi wa kanisa letu, aliwahi kuonya watu wasipigie kura chama kwa sababu tu ni chama. Lakini inasimuliwa kwamba mwaka 1881, kwenye makambi ya Des Moines, Marekani, aliulizwa kuhusu kura ya kupiga marufuku pombe, akawaambia wapige, hata ikibidi siku ya Sabato.

#24 Kimya Kingi

Siku ya Sabato? Sikujua hilo.

#25 Sabato Njema

Waliosimulia ni waliokuwepo, kanisani kwetu wapo wanaobisha. Ninachokiona mimi ni kwamba alipiga hesabu ya pombe na familia zinazovunjika, hakuangalia mtu.

#26 Bint Kagera

Bwana Yesu asifiwe. Bibi yangu alikuwa mlokole wa zamani, uamsho ule uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukafika kwetu Bukoba. Hakupiga kura maisha yake yote. Mzee wa Mparachichi anaongea kama yeye.

Ila bibi hakusema ni dhambi kwa kila mtu. Alisema, "Mimi nikishika kadi moyo wangu unapata adui." Walokole walitembea nuruni, kila wiki wanaungama mbele ya wenzao, na yeye alijua asingeweza kuungama kumchukia mtu wa chama kingine kisha akaendelea kumchukia. Wenzao wa Kenya wakati wa Mau Mau walikataa kiapo, wengi wakakataa pia bunduki ya serikali, wakapigwa na pande zote mbili. Hawakuwa wanakimbia nchi. Walikuwa wanalinda ushirika.

Mimi mjukuu wake napiga kura. Lakini maneno yake yananirudia nikiwa foleni.

#27 Fundi Saa

Heshima kwa bibi. Sasa nani analisoma Waamuzi 9 humu? Miti ilitafuta mfalme. Mzeituni ukakataa, haukutaka kuacha mafuta yake. Mtini ukakataa, haukutaka kuacha utamu wake. Mzabibu hivyo hivyo. Ukabaki mti wa miiba, ukakubali mara moja, na ukatishia moto. Kama watu wema kama bibi wote wanakaa kando, tunajipatia Abimeleki.

#28 Msomaji Mkaidi

Soma tena. Yothamu, aliyeutoa mfano huo, hailaumu mizeituni. Anawalaumu watu wa Shekemu waliomtawaza Abimeleki, muuaji wa ndugu zake sabini. Mzeituni ulikuwa na kazi ya kuwaheshimu Mungu na wanadamu kwa mafuta yake. Unaweza kusoma kwamba ulikosea kukataa, na unaweza kusoma kwamba ndio pekee uliojua kazi yake. Na 1 Samweli 8 inaongeza uzito upande wa pili: kumtaka mfalme kulihesabiwa kuwa kumkataa Mungu, ingawa Mungu mwenyewe akamwambia Samweli awasikilize.

Tena, aya ya 20 ya sura hiyo ya Waamuzi: moto utatoka kwa Abimeleki uwale watu wa Shekemu. Waliomchagua waliungua kwa waliyemchagua. Hapo mzee wa Rungwe ana andiko bora kuliko lile alilolitumia.

#29 Fundi Saa

Hapo umemsaidia mzee, si mimi.

#30 Katekista

Watu wa Shekemu walijua. Walimpa Abimeleki fedha ya kukodi watu, wakamfanya mfalme baada ya mauaji. Hawakudanganywa. Narudi palepale: anayejua na kuchagua ubaya ana sehemu yake. Aliyedanganywa ana sikitiko tu.

#31 Mwl_Zuberi

Assalaam alaykum na shalom kwenu. Mimi Mwislamu wa Tanga, nimesoma uzi wote kwa utulivu. Niseme tu kwamba hata misikitini mjadala huu upo, wapo wanaosema ni haramu na wapo wanaosema kumwacha dhalimu apite ndiyo haramu. Mwaka 2009 Wakatoliki walipotoa mwongozo wao wa uchaguzi, Waislamu nao wakaandaa wao, tukaanza kutazamana vibaya. Chepkoilel amesema kweli kuhusu ulimi.

#32 Bint Kagera

Waalaykum salaam mwalimu, karibu sana.

#33 Mparachichi

Wakuu, nimewasoma wote, hata walioniita kwa jina la parachichi tu. Asanteni.

Jana usiku nilimsomea mke wangu bandiko namba 13 na 26. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Miaka iliyopita, kabla hatujaoana, alimfanyia kampeni diwani mmoja kwenye umoja wa wanawake wa kanisa lao. Alipita nyumba kwa nyumba na wenzake, akawaahidi akina mama kwamba soko la ndizi halitahamishwa. Lilihamishwa. Mmoja wa wale akina mama alishindwa kulipa mkopo, akauza ng'ombe, na hadi leo wakikutana njiani yule mama anamsalimia kwa adabu tu, bila kusimama. Andiko la mzee lilipofika, lilikuta kidonda kimeshakuwepo.

Kwa hiyo swali langu lilikuwa lake tangu mwanzo. Katekista anasema alidanganywa, hana dhambi. Yeye anasema aliahidi kwa mdomo wake. Mimi sijui nimwambie nini.

#34 Katekista

Mwambie aende kwa yule mama. Kabla ya kura, kabla ya mzee.

#35 Kimya Kingi

Naunga mkono #34, ingawa hatuabudu pamoja.

#36 Chepkoilel

Nami pia. Ningepata mahali alipo yule msichana wa kwaya ningeenda leo.

#37 Mparachichi

Amesema Jumamosi atakwenda, na kikapu cha parachichi. Kuhusu kadi bado hajasema. Ila ameuliza swali moja nimlete kwenu: ikifika siku yenyewe anaweza kunisindikiza na mtoto hadi kituoni bila kupiga kura, au watamlazimisha?

#38 Karani wa Kituo

Hakuna wa kumlazimisha. Abaki tu nje ya eneo la kituo. Na akibadili mawazo hapohapo, mwenye mtoto mchanga hapangi foleni, anapitishwa mbele. Vituo vinafunguliwa saa 1 asubuhi. Mwambie aje na kadi mkobani, hata kama hataitoa.